Kiungo kwa Basi

Mtu akikwambia Kadi Nyekundu alishindwa siku ile, muulize yeye alikuwa amesimama upande gani wa uwanja. Akianza kumung'unya maneno, jua hakuwepo, na asikupotezee muda wako.

Jina la kuzaliwa analo, kama watu wote. Hili la Kadi Nyekundu alilipata mwaka ule refa mmoja alipotunyima penalti ya wazi kabisa. Mama wa watu alikuwa ameketi jukwaani kimya. Akainuka, akashuka ngazi, akaingia uwanjani na viatu vyake vya kazini, akavua kitambaa chekundu alichojifunga kichwani na kumwinulia refa usoni, kisha akamwonyesha njia ya kutokea. Ajabu ni kwamba yule refa alianza kweli kuondoka. Alipiga hatua mbili tatu ndipo akakumbuka kwamba refa ni yeye. Klabu ikaadhibiwa, sisi tukacheka msimu mzima, na jina likamganda.

Kazi yake ni kushona viti. Kochi lililobonyea, kiti cha gari kilichochanika, benchi la kinyozi lililotoboka, vyote humfikia yeye. Ana chumba kimoja cha kazi kinachotazama barabara, kimejaa sponji na mabaki ya ngozi ya plastiki, na nyuma yake vyumba viwili vya kuishi. Mumewe alipofariki alimwachia cherehani. Kaka yake alipofariki alimwachia mtoto wa kiume ambaye hata meno hayajamaliza kuota. Vyote viwili alivitunza kwa ukali uleule, akivipaka mafuta kwa wakati na kuwafokea waliovigusa bila ruhusa.

Mtoto huyo ndiye Bawaba. Tulimwita hivyo kwa sababu mpira ukimfikia pale katikati, timu nzima inafunguka kama mlango. Hakuwa na mbio za kutisha wala mwili wa kutisha. Alikuwa na shingo tu, shingo isiyotulia, ikitazama kushoto na kulia kabla mpira haujafika, na ukifika tayari anajua pa kuupeleka. Viungo wa namna hiyo hawaoti kila msimu.

Na shangazi yake alimlea kwa kumwamulia. Viatu alimchagulia, shule alimchagulia, hata nafasi ya uwanjani, maana kocha wa watoto alitaka kumweka beki na Kadi Nyekundu akaenda kumpasha palepale mazoezini. Mezani nako ni hivyohivyo. Alimpakulia sahani ikafurika, akaisukuma mbele yake, akasema kula. Kumuuliza kama anataka hiki au kile, hilo halikuwamo katika malezi yake. Kuuliza ni kwa watu wenye nafasi, alikuwa akisema, na yeye nafasi hana.

Sasa sikiliza mambo yalivyoanza. Klabu yetu ina basi kuukuu ambalo vijana walilibatiza Ajuza. Msimu ule Ajuza alituaibisha. Alizimika njiani tukielekea mechi ya ugenini, timu ikafika wapinzani wameshaenda kuoga, tukapoteza pointi bila kugusa mpira. Fundi injini akajitolea kulitazama. Kadi Nyekundu naye, kwa kuwa ni mwanachama na ana mdomo wa kulalamikia viti vyake, akajitolea kuvishona upya. Akawa anafungua chumba chake asubuhi, akimaliza kazi za wateja anakwenda nyuma ya jukwaa lilikoegeshwa basi, anapanda na mkasi, sindano zilizopinda na gunia la sponji. Safu ya kushoto alikuwa ameimaliza. Ameanza ya kulia.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipomkuta. Mwenyekiti wetu ana duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kusalimia vizuri, mwenye kuzungusha funguo kidoleni akiwa na furaha. Siku hiyo zilizunguka kweli. Akaingia ndani ya basi, akapapasa kiti kipya, akasifia mshono, halafu akamwambia kwa upole kwamba angeweza kupumzika sasa, asijisumbue na hili gofu, maana basi jipya linakuja, lenye kiyoyozi.

Kadi Nyekundu akauliza linatoka wapi.

Laiti Mwenyekiti angesema halijulikani. Lakini furaha ilimzidi, akamwaga mtama penye kuku wengi. Ile klabu kubwa ya mji wa mbele inamtaka Bawaba. Wao watatoa mshambuliaji wao, yule waitwaye Kombora, na juu yake watatuongezea basi.

"Kwa hiyo mnatoa mtoto mpate viti," Kadi Nyekundu alisema.

Mwenyekiti akasema si hivyo, Mama, hii inaitwa kubadilishana, ni mambo ya kawaida kwenye mpira. Na tusimwonee, hoja alikuwa nazo. Timu ilikuwa inachungulia kaburi la kushuka daraja. Mabao hatufungi. Bawaba anatoa pasi tamu kweli, lakini anampa nani? Mbele hapakuwa na mtu. Akasema mkono mtupu haulambwi, ukitaka mshambuliaji sharti utoe kitu, na kitu pekee tulichonacho ambacho watu wanakitamani ni yule kijana. Mkutano wa wanachama utaamua Jumapili.

Kadi Nyekundu alichomeka sindano kwenye sponji. Akamwambia kwamba yeye hapumziki, na kiti alichokishika akiachie kwa sababu gundi haijakauka.

Kuanzia hapo alilivalia njuga. Wiki ile hapakuwa na mtu aliyekwenda kunyolewa, kununua nyama au kusubiri gari kituoni bila kukutana na mdomo wake. Alianza kwa Kinyozi, ambaye ni swahibu wake na ana hasira zinazofanana na zake. Akahamia buchani. Akasimama mlangoni mwa kiwanda cha matofali vijana walipokuwa wanatoka. Aliwaambia kwamba Kombora aliwahi kuwa kombora, sasa amelowa, hata kiberiti ukimwashia halipuki. Waliposema habari ya basi, aliwaambia kipya kinyemi ingawa kidonda, watapanda siku mbili tatu wapigwe na kiyoyozi, halafu wataanza kuuliza nani atawapa pasi. Na aliyemjibu vibaya alipewa vidonge vyake hapohapo, mbele ya watu.

Kulikuwa pia na kochi la Mwenyekiti. Lilikuwa katika chumba cha kazi cha Kadi Nyekundu tangu mwezi uliopita, amelivua nguo zote, linasubiri kitambaa. Siku ya Jumatano alikodi mkokoteni, akampelekea mwenyewe barazani likiwa mifupa na springi, sponji ndani ya gunia, misumari ndani ya kopo. Mke wa Mwenyekiti alipouliza kulikoni, akajibiwa kwamba fundi hashoni makalio ya wanaouza watoto. Nakwambia, mji ulilia kwa kicheko, na kwa kicheko hicho akapata kura ambazo hoja zisingempa.

Nyumbani, katikati ya vita hiyo, alikuwapo Bawaba mwenyewe.

Kijana ni mpole, maneno yake machache, miguu yake ndiyo huongea. Siku ya kwanza, hata usiku haujaingia, walipoketi mezani alisafisha koo akasema, "Shangazi, hili jambo la kwenda..." Shangazi hakumwacha afike mwisho. Alimwambia ale, hilo amwachie yeye, hatokani na ukoo wa kubadilishwa na gari. Ijumaa akajaribu tena. Alikuja hadi chumba cha kazi, akasimama karibu na cherehani, akaokota kipande cha ngozi akawa anakikunja na kukikunjua. Kadi Nyekundu alidhani ana wasiwasi. Akamwambia akaze roho, kura anazo, hata wauza mitumba wamekubali. Kijana akakirudisha kipande mahali pake, akaenda mazoezini. Shangazi akamtazama mgongo akasikia huruma, na huruma ile ikamtia hasira zaidi dhidi ya Mwenyekiti.

Jumapili ikafika. Hapa lazima nikueleze jinsi tunavyopiga kura, maana klabu nyingine hazina jambo hili. Walioanzisha klabu walikuwa watu wa kazi za mikono, hawakutaka makaratasi. Wakaweka utaratibu kwamba wanachama wote wasimame uwanjani. Wanaokubali jambo wanakwenda nusu ya upande wa jukwaa, wanaokataa nusu ya upande wa ukuta. Unaweza kuvuka mstari wa katikati mara utakazo, ukashawishika, ukashawishi, hadi Katibu apulize kipyenga. Kikishalia, ulipo ndipo ulipo. Na jambo likiwa ni la mchezaji, mchezaji huyo hukaa chumba cha kubadilishia nguo mlango umefungwa, asije akajua nani alimtaka na nani alimkataa. Tuliona ni ustaarabu. Hakuna aliyewahi kufikiri vingine.

Mwenyekiti alizungumza kwanza, akazungumza vizuri. Alitaja mechi tulizotoka kapa. Alimtaja Ajuza, watu wakacheka wenyewe. Akamaliza kwa kusema kwamba yeye pia anampenda Bawaba, lakini klabu ni kubwa kuliko mtu mmoja. Miguu ikaanza kuelekea upande wa jukwaa, si haba.

Akaja Kadi Nyekundu na kitambaa chake kichwani. Hakupanda juu ya kitu. Alisimama katikati kabisa ya duara, mikono kiunoni, akasubiri hadi watoto juu ya ukuta wanyamaze. Akasema kwamba mchana kutwa anasikia habari ya kutoa na kupokea, kama kwamba wanachozungumzia ni bati na misumari.

"Basi haliulizwi linataka kwenda wapi," alisema. "Unawasha, unaondoka. Mtu huulizwa. Je, katika ninyi nyote mnaomgawa, yuko aliyemuuliza? Mwenyekiti, ulimuuliza?"

Mwenyekiti akatazama funguo zake. Hakuwa amemuuliza.

Lo, uwanja ulivyogeuka! Watu walianza kuvuka kwenda ukutani kwa makundi, bucha nzima, kiwanda kizima cha matofali, hata mashemeji wawili wa Mwenyekiti. Kinyozi akawa anawapokea mmoja mmoja kama bwana harusi anayepokea zawadi. Kwa macho tu ungejua kwamba mambo yameisha. Katibu akakitia kipyenga mdomoni.

Angenyamaza pale, angeshinda. Lakini Kadi Nyekundu hajawahi kujua kunyamaza akiwa anashinda. Alitaka Mwenyekiti aaibike hadi kisigino. Akasema aletwe kijana mwenyewe, aulizwe hapa, mbele ya watu. Mwenyekiti akapinga kwamba utaratibu hauruhusu, na kadiri alivyopinga ndivyo watu walivyozidi kumzomea. Basi yule mama akaenda mwenyewe hadi chumba cha kubadilishia nguo, akafungua komeo, akamtoa mtoto wa kaka yake kwa mkono, kama alivyokuwa akimpeleka shule, akamsimamisha pale unapowekwa mpira kuanza mechi.

"Sema, mwanangu. Waambie."

Bawaba alitazama jukwaa, akatazama ukuta, ile shingo yake ikifanya kazi yake. Halafu akamtazama shangazi.

"Nataka kwenda," alisema.

Alisema kwa sauti ya chini lakini tulisikia sote, maana hata watoto juu ya ukuta walikuwa wamekauka. Akaendelea, na nadhani ni maneno mengi kuliko yote tuliyowahi kuyasikia kutoka kwake. "Hapa nikipoteza mpira, mnasema uwanja una mashimo. Nikitoa pasi mbovu, mnamzomea aliyeshindwa kuifikia. Kila mtu hapa ni shangazi yangu. Mimi sijui kama najua mpira au napendwa tu. Nataka kwenda mahali nitakapokosea niambiwe nimekosea."

Kisha akatembea kwenda upande wa jukwaa, akasimama peke yake kwenye kona ya boksi, kichwa chini.

Maneno hayo yalimkata Kadi Nyekundu maini, sitaki kukudanganya. Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa kumfuata na kumvuta sikio mbele ya umati. Cha pili kilikuwa kulia, na hicho alikimeza. Cha tatu ndicho kilichomuuma kuliko vyote. Alikumbuka Ijumaa, kile kipande cha ngozi mikononi mwa kijana, kikikunjwa na kukunjuliwa. Alikuja kusema. Na wewe ukamhesabia kura, alijiambia.

Kinyozi akamsogelea akamnong'oneza kwamba huyo bado ni mtoto, hajui anachosema, watu bado wako upande wao, Katibu apulize tu na kijana abaki, ipo siku atakuja kushukuru. Alisema kweli. Watu hawakuwa wamehama. Walikuwa wanamtazama yeye. Neno moja tu kutoka kwake na Bawaba angebaki, nyumbani kwake, mezani kwake, hadi azeeke.

Mwenyekiti, maskini, hakulijua hilo. Alidhani upepo umegeukia upande wake. Akatoa tabasamu akasema, kwa sauti ya kubembeleza, "Mama, si unajua wanavyosema. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Nani kashindwa?" Kadi Nyekundu alimuuliza. "Hesabu vichwa, Mwenyekiti."

Mwenyekiti akageuka akatazama ukutani. Akaanza kuhesabu kwa midomo, akaacha njiani. Lile tabasamu likaondoka.

"Umemaliza?" Kadi Nyekundu akamwambia. "Haya. Sasa nitazame vizuri."

Akavuka mstari. Alivuka kama alivyovuka siku ya refa, kifua mbele, viatu vya kazini vikikwaruza nyasi. Alipompita Mwenyekiti alimwambia bila kumtazama kwamba asijipendekeze, hakuja kwake. Akafika kwenye kona ya boksi, akasimama bega kwa bega na kijana, ingawa bega lake linafika kwenye kiwiko cha kijana, akageuka kuwakabili watu.

"Nilisema aulizwe," alisema. "Ameulizwa. Au mlidhani nilikuwa natania? Anakwenda kwa sababu amesema anakwenda, si kwa sababu ya basi lenu. Na kuanzia leo, mchezaji yeyote mnayetaka kumtoa hafungiwi chumbani. Atasimama pale katikati, mumuulize kwanza. Asiyetaka hilo aje anieleze hapa nilipo."

Hakuna aliyekwenda kumweleza. Watu wakaanza kuvuka, wengine wakinuna, wengine wakicheka, mashemeji wa Mwenyekiti wakivuka kwa mara ya tatu siku hiyo. Kinyozi alibaki ukutani na wakaidi wenzake wachache hadi kipyenga kikalia, na hadi leo hamnyoi Mwenyekiti. Kombora alikuja, akatufungia mabao kadhaa, akaanguka mara nyingi zaidi, na daraja hatukushuka. Basi jipya nalo lipo na kiyoyozi chake. Kadi Nyekundu hajalipanda hata kwa bahati mbaya. Alimaliza safu ya kulia ya Ajuza, kiti kwa kiti, na mechi za ugenini anakwenda nalo na wale wasioambilika, wanafika kipindi cha pili wakiimba. Na ule mlango wa chumba cha kubadilishia nguo hauna komeo tena. Alikwenda na bisibisi yake akaling'oa.

Lakini siku ile ya kura, baada ya watu kutawanyika, shangazi na kijana walirudi nyumbani kwa miguu. Kila aliyekutana nao njiani aliona uso wa yule mama akaahirisha salamu. Walipoingia, Bawaba aliketi mahali pake pa siku zote, tayari kwa kusemwa. Alijua atasemwa, na alikuwa amejiandaa.

Shangazi alichukua sahani. Akafunua sufuria, akachota mwiko wa kwanza, akausimamisha hewani. Akaurudisha. Akafunika.

"Unataka kula nini?" aliuliza.

Kijana alitabasamu, akidhani ni utani wa kuanzia ugomvi. Aliposubiri na ugomvi haukuja, tabasamu likafifia. Huyu aliyetoka kusimama mbele ya klabu nzima akasema anachokitaka, sasa alikuwa anaangaza macho kwenye meza kama aliyedondosha kitu.

"Sijui, Shangazi," alisema mwisho. "Hujawahi kuniuliza."

Yule mama akasimama na sahani yake tupu. Machozi yalimlengalenga na safari hii hakuyazuia, ila sauti ilikuwa ileile.

"Basi fikiria," akamwambia.

Akaiweka sahani mezani, akavuta kiti, akaketi mbele yake na kumsubiri.